Rimu Tatu Nzima

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Gari limerudi. Mwai amelileta kutoka kwa fundi wa bodi juu ya lori, limefungwa minyororo kana kwamba lingetoroka. Wameliteremsha uani nyuma ya duka, likawekwa juu ya stendi nne, maana halina magurudumu. Rangi ni ile ile ya bluu. Paa limenyooshwa, huwezi kujua. Nilisimama mlangoni na kitambaa mkononi, nikasema vizuri, vizuri, kisha nikaingia ndani kupanga valvu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Mwaka mzima sijaandika humu. Ukurasa wa mwisho ni wa Agosti iliyopita, nalalamika kuhusu manyunyu na nguo kutokauka. Nilikuwa mwanamke wa kulalamikia nguo!

Niandike basi, hakuna anayesoma. Wamae, mtoto wangu wa kwanza, alikufa ndani ya gari hili tarehe kumi na mbili Septemba mwaka jana, barabara ya Endarasha. Rimu ya mbele kushoto ilivunjika kwenye kona, gari likaingia mtaroni likapinduka mara moja. Mara moja tu. Kuna kioo cha nyuma ambacho hakikupata hata mkwaruzo.

Mwai anataka gari liwe barabarani kabla ya ibada ya kumbukumbu, tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Ataliendesha mwenyewe mpaka nyumbani Othaya, watu waone. Nikamuuliza waone nini. "Waone hatukulitupa, Mum." Huyu ni wa pili, ana jina la babangu, na kwa desturi yetu tangu azaliwe namwita Baba. Ni vigumu kumkatalia mtu unayemwita Baba.

Anataka rimu moja tu. Zile tatu zilizobaki tunazo stoo. Ya nne ilienda na vyuma chakavu, vipande vipande. "Mum, si wewe ndio uko na duka ya rimu? Nitafutie moja ya kufanana."

Nimesema nitatafuta.


Jumatano, 20 Agosti

Baridi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole havishiki spana.

Mwai ananitumia picha kwa simu tangu asubuhi. Rimu za dhahabu, inchi kumi na nane, mikono ya spoki myembamba. Amebadili nia, ati labda tununue seti nzima. Nikamwambia hizo ni za harusi. Inchi kubwa maana yake tairi nyembamba, na tairi nyembamba ikiingia kwenye shimo la barabara ya Kieni haimezi kitu, kishindo chote kinapokewa na rimu. Akasema wenzake wote wanazo. Nikamuuliza wenzake wanaendesha wapi, akanitumia picha nyingine.

Kabla sijawa mama wa rimu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, darasa la saba. Harrison, mume wangu, alipofariki aliniachia duka na Muriithi, fundi wake. Nilijifunza rimu kama nilivyofundisha ngeli, kwa kurudia. Za kumiminwa huvunjika bila kuaga. Za kufuliwa, zile zilizokandamizwa na mashine nzito, hupinda kwanza, zikakupa nafasi ya kurudi nyumbani. Usichague rimu kwa uso. Igeuze, soma mgongoni uzito inaobeba. Tundu la kati lishike vizuri, nati zisibebe mzigo peke yake. Haya yote nawaambia wateja na wao wanaitikia, halafu wananunua inayong'aa. Tunaishi kwa hilo, sikatai.

Na sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika.

Machi mwaka jana Wamae aliniletea rimu yenye ufa. Alikuwa daktari wa mifugo, wa pekee Endarasha mwenye Subaru ya turbo. Wakulima walimcheka, ati unampigia simu kuhusu ng'ombe na kabla hujamaliza kueleza amefika. Akasema, Mum, hii usiichomelee, niagizie nzima. Nikasema sawa. Ya kufanana haikupatikana wiki hiyo wala iliyofuata, na yeye kila jioni anauliza. Nikampa Muriithi aichomelee. Sikumwambia ni ya nani. Alipomaliza kusaga, niliipaka rangi mwenyewe, na mkono wangu wa rangi hauachi alama. Wateja wangu wenyewe hawajui nimepita wapi.

Hapa dukani kila rimu iliyochomelewa tunaipiga nukta nyekundu kwa ndani. Ni amri ya Harrison. Yenye nukta hukaa nyuma, haikai mbele kamwe, kwa sababu ya mbele ndiyo inayobeba breki na kona. Hiyo ya Wamae sikuipiga nukta. Angeiona. Nilimwambia nimempatia nyingine, nzima. Nikazipaka rangi zote nne zifanane, nikaifunga ile nyuma kulia Jumapili baada ya kanisa, Muriithi hayupo. Wamae alifurahi. Alinibusu hapa kwenye paji la uso, mtu mzima na ndevu zake.

Lakini iliyovunjika ni ya mbele kushoto. Hilo nimejiambia mwaka mzima. Niliifunga nyuma kulia. Imevunjika ya mbele kushoto. Nikiamka, nikilala, naenda nalo.


Jumapili, 24 Agosti

Mkutano wa kamati ya kumbukumbu, kwa Kabura. Ni dada ya marehemu Harrison, na kamati zote za ukoo huu huzaliwa mezani pake. Hema, viti, kwaya, nani atapika mukimo. Nilipewa kazi ya kutoa shukrani kwa niaba ya familia.

Beverlyne hakualikwa. Mke wa marehemu! Nilipouliza, Kabura akasema tusimsumbue, ana kazi yake shuleni. Kisha akashusha sauti, akasema lile la siku zote. Kwamba mwanamume akitolewa nyumbani na hasira, bila hata kikombe cha chai, anaendesha vipi? Kwamba yeye hamlaumu mtu. Kwamba Mungu anajua.

Maskini, ni Beverlyne mwenyewe aliyewapa hilo neno. Mkesha wa mazishi alilia mbele ya kila mtu akasema asubuhi hiyo walikosana, ni nani atampeleka mtoto kliniki, na Wamae akaondoka bila chai. Angekuwa wa hapa angejua kwamba matanga si mahali pa kusema kila kitu. Ni msichana wa Kakamega, kwao mtu hulia na maneno yake yote. Walilishika hilo neno mpaka leo. Sasa ni yule aliyemwondoa mumewe bila chai.

Nilikuwa na mandazi mdomoni. Nilitafuna, nikameza, nikachukua andazi lingine.


Jumanne, 26 Agosti

Sijui niandikeje hii.

Nilizitoa zile tatu stoo. Nilitaka tu kuwa mwangalifu, kwamba kama Mwai atazitumia basi nizipime. Nilimtuma Muriithi benki na foleni yake, nikabaki peke yangu. Niliining'iniza ya kwanza kwa kamba, nikaigonga kwa mpini wa nyundo. Ililia vizuri, sauti ndefu. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta, nikainyunyizia unga wa chaki na kungoja. Kama kuna ufa, mafuta hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hakuna mstari. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi kwa muda wa kunawa mikono.

Halafu nikakumbuka kwamba mojawapo ya hizi ndiyo iliyochomelewa. Ina mshono kwa ndani, chini ya rangi yangu. Nikachukua msasa nikakwangua ya kwanza, upande wa ndani, mzunguko mzima. Chuma safi. Nikakwangua ya pili. Ya tatu nilikwangua mpaka kucha zikatoka damu, nikawasha na taa ya simu, nikageuza, nikakwangua na uso wake, mikono yote, kila mahali. Niliutafuta ule mshono kama mtu aliyepoteza pesa za kanisa. Nilikuwa namwomba Mungu uwepo.

Haupo. Ni rimu tatu nzima, hazijawahi kuguswa na moto.

Basi yenye mshono ilikuwa ya nne.


Jumatano, 27 Agosti

Duka limefungwa. Nimesema ni mafua.


Alhamisi, 28 Agosti

Nimemuuliza Muriithi. Kwa kuzungukazunguka, nikijifanya natafuta kitu kwenye droo. Je, gari la Wamae liliwahi kuja hapa mimi sipo?

Alikumbuka mara moja. Julai, siku niliyoenda Karatina kwa mazishi ya Mama Mutahi. Wamae alipita akaomba tairi zizungushwe, za mbele zilikuwa zimeanza kuisha. Muriithi akazivusha pamoja na rimu zake, za nyuma mbele, kulia kwenda kushoto, kama anavyofanya miaka ishirini. "Nilichungulia ndani kwanza, Mama Wamae. Hiyo siwezi sahau. Hakukuwa na dot."

Hakukuwa na nukta. Nikasema asante. Akaniuliza niko sawa, nikasema ni mafua.

Anapika chai sasa, namsikia anakoroga. Ni mtu mwema na hana kosa. Akijua hatashika mashine ya kuchomelea tena maisha yake.


Jumatatu, 1 Septemba

Karatina na Mwai. Kuna mtu anaitwa Kinyua, nyuma ya soko, ana kontena mbili za rimu kutoka Japani. Nilimwambia Mwai tunanunua nne, si moja.

"Na zile tatu, Mum? Si ziko poa?"

Nikasema ziko poa. Nikasema sizitaki barabarani. Alinitazama kidogo, akawasha redio.

Nilimtesa Kinyua kwa saa tatu. Kila seti aliyotoa niliipindua. Seti ya kwanza ni kopi, maandishi ya mgongoni yamekwaruzwa kwa mkono. Ya pili uzito wake hautoshi gari hilo likiwa na watu wanne na mzigo. Ya tatu nzuri sana, nyeupe, Mwai akaishika kama mtoto mchanga — nikapitisha kidole kwa ndani nikahisi mahali rangi ni nene. Nikamwambia Kinyua hii imechomelewa. Akaapa kwa mamake. Nikamwomba msasa. Akacheka, akasema sawa, sawa, mama, ilikuwa na kaufa kadogo tu.

Nilikaa pale juu ya tairi. Alikuwa amefanya vile ninavyofanya mimi! Rangi yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, ndiyo tofauti. Kama ningekuwa nimeipaka mimi, nisingeijua.

"Mama, hata mchumba hachunguzwi hivi," Kinyua akasema, watu wakacheka. Nami nikacheka. Mdomo unaweza kufanya mambo peke yake.

Tulipata jioni, chini kabisa ya kontena. Za kufuliwa, inchi kumi na saba, kijivu, zimekwaruzika uso mzima. Mgongoni kila kitu kimeandikwa na kinasomeka. Tundu la kati ni kipimo cha Subaru hasa. Niliomba kamba, nikazigonga moja moja, zikalia kama kengele. Hakuna rangi iliyorudiwa popote. Mwai akasema zinakaa za gari ya polisi. Nikamwambia nataka hizo hizo, na uso wake usiguswe, zibaki na mikwaruzo yake.

Njiani alisema, "Mum, kuna kitu hauniambii." Nikamwambia aangalie barabara.


Ijumaa, 5 Septemba

Beverlyne alikuja dukani baada ya shule, na mtoto. Mtoto ana jina langu, Wachuka, miaka minne, anaingia kwenye duka langu kama mwenyewe anayekagua. Alikaa ndani ya tairi na biskuti.

Beverlyne amekonda. Ananiita Mama, si Mama Wamae, Mama tu, kama aliyezaliwa kwangu. Alikuja kuniuliza avae nini siku ya kumbukumbu. Nikasema avae chochote. Akasema Kabura amempigia, ati asome somo mtu mwingine, na yeye akae na mtoto mstari wa pili ili asichoke. Alilisema bila kulalamika. Nikamuuliza kwa nini anakubali. Akasema, "Wako na haki, Mama. Ningempikia chai angechelewa dakika kumi. Labda hiyo gurudumu ingevunjika akiwa bado hapa kwa gate."

Muriithi akamletea kikombe, naye Beverlyne akakishika tu kupasha mikono. Nikamwambia anywe kabla hakijapoa. Akasema yeye huacha chai mpaka saa nne, tangu wakati ule. Asubuhi haipiti kooni.

Nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa, Muriithi yuko uani, mtoto anaimba. Nilifungua mdomo. Nikamwambia avae ile nguo ya zambarau. Akasema asante, Mama, ndiyo nilikuwa naifikiria.

Mimi ni mwoga. Naandika ili nilione.


Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Mwai.

Alikuwa akifunga rimu mpya, amepiga magoti kwenye gurudumu la mbele kushoto. Nilichagua wakati huo ili nisimwone uso. Nilisema yote — Machi, ufa, Muriithi, rangi, nukta, Jumapili baada ya kanisa, Julai. Yeye anaendelea kukaza nati, moja, ya mkabala wake, ile nyingine, inavyotakiwa. Alimaliza zote tano. Akarudia kuzikaza.

"Alikuwa anajua?"

"Hapana, Baba. Nilimwambia ni nzima."

Akasimama, akajipangusa mikono muda mrefu. Nikamwambia Jumamosi nitalisema mbele ya watu, Beverlyne apumzike. Akasema, "Na wewe je?" Nikasema mimi ni mtu mzima. Akasema si hilo anauliza. Anauliza duka, anauliza Muriithi, anauliza yeye ambaye atabaki na mimi. Kisha akasema kitu kingine, polepole, kwamba mwaka mzima amekuwa akimchukia Bevu kwa sababu ya kikombe cha chai. Akachukua koti akaenda.

Hajarudi kula. Simu inalia, haichukui.


Ijumaa, 12 Septemba

Mwaka mmoja leo.

Nimefungua duka kwa sababu nyumbani ni kimya. Mtu mmoja kutoka Othaya ameleta rimu ina ufa, anataka ichomelewe kufikia jioni. Nimemwambia hatuchomelei tena. Akashangaa, akasema si ndio mnajulikana na hiyo? Muriithi naye akanitazama. Nikamwambia nitamweleza wiki ijayo.

Gari liko chini, juu ya magurudumu yake mapya. Limekaa imara, linachukiza kwa uimara. Haya ndiyo Wamae aliyoyaomba Machi. Ilikuwa ni kusubiri tu, na kumwambia mtoto subiri. Mama gani hawezi kumwambia mtoto wake subiri? Nililia hapo uani nimeshika mlango wa dereva. Nilimwambia pole. Nilimwambia kwa sauti, jirani wa vyerehani akazima redio.

Mwai ametuma ujumbe: "Kesho nakupick saa mbili." Hakuna kingine.


Jumamosi, 13 Septemba

Othaya. Niko chumbani kwangu, chumba changu na Harrison, mlango umerudishwa. Nje bado wanakula. Nilikuwa nimetia daftari hili kwenye mkoba, sijui kwa nini, labda nilijua.

Niandike kwa mpangilio.

Tulikuja na gari. Mwai alikuwa usukani. Aliendesha taratibu, magari ya majani chai yalitupita. Nyuma kwenye buti nilikuwa nimeweka zile rimu tatu, zimefungwa kwa blanketi. Tulipoingia uani watu wakasimama kuliangalia. Wengine walilia. Kuna mzee aliligusa boneti kama anayesalimia.

Hema mbili, watu labda mia mbili. Msalaba wa mawe ukafunuliwa, kwaya ikaimba. Beverlyne mstari wa pili, nguo ya zambarau, mtoto mapajani. Kabura alizungumza kwa niaba ya mashangazi. Alishukuru wageni, akawausia wasichana wa siku hizi wajifunze kumsindikiza mume kwa amani asubuhi, maana hakuna ajuaye. Hakutaja jina. Vichwa vyote vikageuka mahali pamoja. Beverlyne akainamisha uso kwenye nywele za mtoto.

Nikaitwa kutoa shukrani.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika kikaratasi, sikukitoa. Nikasema, "Haikuwa chai." Nikasema rimu iliyomuua mwanangu ilikuwa na ufa, aliniletea Machi akaniambia isichomelewe, nami nikaamuru ichomelewe, nikaipaka rangi kwa mkono huu, nikamwambia ni nzima. Nikasema fundi wangu hakujua. Nikasema ilihamishwa mbele kwa sababu mimi sikuiwekea alama. Nikasema mke wake hana kosa hata punje, na kila aliyemnyooshea kidole aninyooshee mimi. Nilifundisha miaka kumi na tisa, najua kusema mpaka mstari wa nyuma.

Nilisikia sufuria jikoni.

Nilingoja mtu anipige. Kweli, nilijiandaa.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Akasema, wapendwa, tumsaidie mama kwa wimbo. Wakaimba! Watu mia mbili wakasimama wakaniimbia. Pasta akaniwekea mkono kichwani akamwombea mama aliyelemewa na majonzi mpaka anajitwika yasiyo yake. Nilisema kwa nguvu kwamba ni yangu. Wakaongeza sauti ya wimbo.

Nikamvuta Mwai mkono, nikamwambia alete zile rimu. Akazileta, moja moja, akazilaza kwenye nyasi mbele ya watu. Nikasema tazameni, hizi tatu hazina mshono, na moja ilikuwa na mshono, kwa hiyo ni ile iliyovunjika. Kabura akaziangalia, akaniangalia mimi, machozi kweli machoni. "Mama Wamae, hizi si ni nzima? Rimu nzima inaonyesha nini?"

Nikamgeukia Mwai. Yeye anajua. Yeye peke yake angesema neno moja tu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Sitamhukumu. Amebakiwa na mimi peke yangu.

Kabura alinishika kiuno akanileta huku chumbani, akanivua viatu, akanifunika shuka. Ananipenda, hilo ndilo baya. Akasema nimempenda huyo msichana kupita kiasi, mpaka nataka kumbebea dhambi. Akatoka. Nikawasikia wanawake hapo barazani wakisema mama mkwe wa namna hii wapi utampata. Mwingine akasema, lakini muone alivyomroga, mpaka mama wa watu anajisingizia. Kwa hiyo nimemwongezea. Nilisimama ili nimtue mzigo, na sasa anao wake na wangu.

Hapo ndipo nilipotoa daftari.

Muda mfupi uliopita mlango umefunguliwa. Ni Beverlyne. Mtoto amelala begani. Amemlaza kando yangu, amemfunika miguu, amefunga mlango na komeo. Hakulia. Sijawahi kumwona asilie. Ameketi kwenye kile kigoda cha Harrison, goti lake karibu liguse langu, akanitazama nikiandika.

Nikadhani atasema amenisamehe. Nikadhani atasema hatanisamehe. Nilikuwa na jibu la vyote viwili.

Amesema, "Mama, mimi nimekuamini. Hebu niambie tena. Polepole, na usiruke kitu."

Nimemwambia angoje kidogo, nimalize mstari huu.